Muhuri wa Neu Langenburg na Kopo la Biskuti

Maelezo ya kamati ndogo ya kumbukumbu, yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka na harambee ya wana Nkunga



Tumepewa dakika ishirini, na tunajua mnada wa mikungu ya ndizi na mbuzi unasubiri. Basi hatutazunguka. Mwaka jana katika kikao kama hiki ilitolewa hoja kwamba lile kopo la biskuti lenye barua na stempu za zamani, ambalo chama kilikabidhiwa litunzwe, liuzwe kwa wakusanyaji wa Ulaya na fedha ziende kwenye paa la chumba cha kujifungulia. Hoja ilipigiwa makofi. Mwenyekiti akaona busara kwanza itafutwe habari: ndani ya kopo mna nini hasa, kina thamani gani, na nani mwenye haki ya kukiuza. Kazi hiyo tulipewa sisi wanne, na leo tunaleta majibu.

Katika kopo mna vipande 43. Kati ya hivyo 29 ni stempu zilizobanduliwa au kukatwa kutoka kwenye bahasha. Vilivyobaki 14 ni vizima, yaani bahasha au kadi iliyopita posta ikiwa na anwani, stempu na muhuri wake. Tisa ni za wakati wa Mwingereza, nyingine zikiwa na zile stempu za kichwa cha twiga zilizotolewa mwaka 1922 kwa ajili ya Tanganyika. Tatu ni za miaka ya baadaye, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zilipotumia stempu za pamoja. Mbili ni za wakati wa Mjerumani, na hizo mbili ndizo zilizoleta maneno.

Wengi wetu tulidhani kinachotafutwa na wakusanyaji ni stempu yenyewe. Sivyo, au sivyo sana. Stempu ilichapwa Ujerumani kwa wingi, na ile ile iliyouzwa Tanga iliuzwa Dar es Salaam na Mwanza. Picha yake ni meli ya Kaizari, Hohenzollern, ambayo hakuna mtu wa Rungwe aliyewahi kuiona ikipita Ziwa Nyasa. Kinachotofautisha bahasha moja na nyingine ni muhuri uliogongwa kwa mkono juu ya stempu. Karani alichukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino, akaugonga: jina la posta juu, jina la koloni chini, tarehe katikati. Muhuri wa Dar es Salaam uligongwa kila siku kwa miaka mingi, na alama zake zipo tele. Posta ndogo ya bara, yenye Wazungu wachache, misheni chache na wafanyabiashara wa kuhesabika, iligonga barua chache. Na hizo chache zililiwa na mchwa, zilivuja mvua, au ziliwashia moto jikoni.

Mtatuuliza, Nkunga inaingiaje hapo? Inaingia kwa sababu posta yetu sisi ilikuwa Neu Langenburg, na Neu Langenburg ndiyo Tukuyu. Vijana wengi hawalijui jina hilo, kwa hiyo tutalieleza kidogo. Wajerumani walianza na kituo chini ziwani, upande wa kaskazini mashariki wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Wakakiita Langenburg kwa heshima ya mtawala mmoja wa kwao, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa rais wa jumuiya yao ya makoloni. Yeye mwenyewe pengine hakuweza hata kuonyesha Rungwe ilipo kwenye ramani. Kule ziwani joto na homa viliwasumbua, na karne ya 20 ilipoanza walipandisha boma lao kwenye baridi yetu, wakalibandika jina lile lile na kuongeza neno "mpya". Boma la Tukuyu mnalifahamu, wengi wenu mmepanga foleni pale. Jina la mkubwa yule lilikwisha na utawala wao, jina la Tukuyu likabaki.

Kwa hiyo kwenye mihuri ya hapa mtu huona majina yakipokezana: Langenburg ya ziwani, Neu Langenburg ya mlimani, na baadaye Tukuyu. Mkusanyaji anayejua kazi yake huanza kwa kulinganisha jina na tarehe. Muhuri wa Neu Langenburg wenye tarehe ya mwaka 1895 ni wa mtu aliyekaa sehemu na kuuchonga juzi, kwa sababu mwaka huo boma lilikuwa bado ziwani.

Tukisema posta msifikirie jengo lenye foleni na mashine ya namba. Mahali pengi katika makoloni ya Mjerumani posta ilianza kwenye chumba kimoja cha boma, na pale ambapo muhuri wa chuma ulikuwa haujafika, karani aliandika jina la mahali kwa kalamu juu ya stempu, au alitumia muhuri wa mpira wa muda. Alama za namna hiyo ndizo zinazowakosesha usingizi wakusanyaji. Halafu kulikuwa na tarishi. Tunasema tarishi, mnafikiri kijana wa ofisini mwenye pikipiki. Hawa walikuwa watu wa miguu, mzigo wa barua begani, wakipokezana kituo kwa kituo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Kutoka hapo kuja kwetu ilikuwa ni miguu, kupanda na kushuka. Barua zimehifadhi jina la mkuu wa wilaya, jina la mmisionari na jina la mwenye duka. Tarishi hana jina popote, ingawa bila yeye hakuna hata muhuri mmoja ambao tungekuwa tunauzungumzia leo.

Jambo jingine dogo lakini tamu. Mwanzoni stempu za koloni zilihesabiwa kwa pesa, na pesa 64 zilikuwa rupia moja, kwa kufuata hesabu ya pwani iliyotoka Bara Hindi. Mwaka 1905 Mjerumani alibadilisha: rupia moja ikawa heller 100. Heller hiyo ndiyo hela yetu. Kila mtu anaposema hapa leo "sina hela", hasa mweka hazina anapopita na daftari, anatumia neno la Mjerumani bila kujua. Wale wanaotoka upande wa Masoko wamewahi kuziona zenyewe, maana inasemekana Wajerumani walizitupa ziwani Kisiba wakati wa vita. Stempu ya heller 4 ilikuwa ya kadi, na ya heller 7½ ilikuwa ya barua. Hizo mbili ndizo zilizo kwenye vipande vyetu viwili.

Cha kwanza ni bahasha yenye stempu nyekundu ya heller 7½ na muhuri wa Neu Langenburg. Muhuri umegongwa vizuri, jina linasomeka, tarehe imefifia upande. Ndani hamna barua. Kuhusu hiki hatuna mengi.

Cha pili ni kadi, na hapa tunaomba mtuvumilie. Kadi ilitumwa kutoka Dar es Salaam. Ina muhuri wa Dar es Salaam juu ya stempu, na kando ina muhuri wa pili wa Neu Langenburg uliogongwa ilipofika, maana zamani posta ya kupokea nayo ilikuwa ikigonga. Ukitoa tarehe moja kwenye nyingine unapata muda wa safari: zaidi ya wiki tatu. Mkusanyaji angependa sana kuwa nayo, kwa sababu ina posta mbili, tarehe mbili na njia nzima katika kipande kimoja cha karatasi.

Lakini kadi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, na wino wake bado mweusi. Aliyeandika ni kijana wa kwetu aliyekwenda pwani kutafuta kazi. Anamwandikia mwalimu wa misheni amsomee baba yake. Anasalimia watu kumi na mmoja kwa majina. Anauliza kama ng'ombe aliyemwacha kwa mjomba amezaa, na kama amezaa, ndama ni jike au dume, na anaagiza mtu yeyote asimle. Mengine ni ya ukoo, nao hawakutaka tuyasome hadharani, kwa hiyo hatutayasoma. Kijana yule hakurudi. Kaburi lake halijulikani. Katika ukoo mzima hakuna picha yake, hakuna cheti, hakuna kitu alichokishika isipokuwa kadi hii.

Kwa hiyo wananunuzi wawili wangeinunua kadi ile kwa sababu mbili tofauti kabisa. Wa Ulaya angelipa kwa ajili ya duara mbili za wino, na maneno ya Kiswahili yangekuwa kwake kama pambo. Ukoo ungelipa kwa ajili ya maneno, na muhuri kwao ni kama uchafu uliogusa karatasi. Mnada hupima thamani ya kwanza tu.

Hapo ndipo linapokuja suala la mwenye mali. Tumekwenda nyumbani kwa waliotupa kopo, tumekaa, tumekula, tumeuliza. Bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote pale alisema maneno machache: kopo lilitolewa litunzwe kwa sababu nyumba yao inavuja. Hakutamka neno la kuuza, na hakuna mwingine aliyelitamka. Mtu akikupa mbuzi umchungie kwa sababu boma lake limebomoka, humpeleki mnadani, hata kama una sababu nzuri kiasi gani, hata kama sababu yenyewe ni paa la wazazi wanaojifungua. Kamati yote ya watu wanne imekubaliana katika hilo.

Kuna na upande wa sheria. Barua ya mtu binafsi ni mali yake. Lakini karatasi za boma, barua za serikali na madaftari ya ofisi ni kumbukumbu za umma, na zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002. Tunalisema hili kwa sababu mmoja wetu alioneshwa, si Nkunga, faili zima lenye mihuri ya boma likiuzwa kwa jani moja moja. Mwenye faili kama hilo alipeleke Nyaraka za Taifa, ambako majalada ya utawala wa Mjerumani yamehifadhiwa Dar es Salaam.

Sasa habari ya bei, maana tunajua kuna walioacha kusikiliza wakisubiri neno hilo. Hatutatamka tarakimu. Bei ya kitu hiki hutegemea muhuri umesomeka kiasi gani, karatasi ni nzima kiasi gani, na kama siku ya mnada wapo watu wawili wanaokitaka. Akiwepo mmoja tu, bei inalala. Juu ya hayo kuna ughushi. Hili si jambo la kubuni. Katika kisiwa cha Mafia, Waingereza walipokiteka Januari 1915, walizikuta stempu za Kijerumani wakazigonga kwa mkono alama ya "G.R. Mafia" ili zitumike. Kwa kuwa ilikuwa alama ya mkono tu, yeyote mwenye kipande cha mpira na kisu angeweza kuitengeneza, na waliitengeneza, hata leo mtu haniuzii stempu ya Mafia bila cheti cha mtaalamu. Lamu nayo, ambako Wajerumani walikuwa na ofisi ya posta kuanzia 1888 hadi 1891, muhuri wake unaigwa. Ukipeleka kitu kutoka kopo la biskuti bila historia, mnunuzi wa kwanza atakachouliza ni: kimetoka wapi, kwa nani, kilikaa wapi? Kwetu majibu yapo, na majibu hayo ni sehemu ya thamani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Vita vile vya kwanza vilipita kwetu pia, na viliacha alama zake. Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipigwa ikiwa imepandishwa nchi kavu kule Liuli, na nahodha wake alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Mwone jinsi habari ilivyotembea siku hizo. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey kutoka Nyasaland yaliingia Neu Langenburg, na Agosti mwaka huo askari hao walipewa stempu za Nyasaland zilizochapwa juu yake herufi N.F. Upande wa Wajerumani, kwa kuwa pwani ilifungwa na manowari za Waingereza, stempu zilipungua hadi baadhi ya posta zikagonga muhuri wa kusema tu kwamba ada imelipwa. Misheni ya Vuga kule Usambara ilichapa stempu za dharura mwaka 1916, zikafukiwa ardhini zisitekwe, na baada ya vita zikafukuliwa. Tunayataja haya kwa sababu babu na bibi zetu walibeba mizigo ya majeshi yote mawili, na huenda katika sanduku la mtu hapa kuna karatasi ya wakati huo.

Na masanduku yanakwisha. Tulipopita nyumba kwa nyumba, katika nyumba moja tuliambiwa tumechelewa. Kuna mtu alipita, mpole, mwenye gari, akasema anakusanya karatasi kuukuu. Akachukua sanduku zima la barua za marehemu mzee, akaacha fedha ya kununulia jembe. Mama mwenye nyumba alishukuru, na kwa kweli jembe lilihitajika. Alichotuuliza ni kama mle mlikuwa na hati ya shamba. Hatukuweza kumjibu.

Pendekezo letu basi ni hili. Zile stempu 29 zilizobanduliwa ziuzwe. Hazina bahasha, hazina anwani, na ukoo umeridhia. Fedha yake ni ndogo, itasaidia misumari, haitaezeka paa, na tunaomba asitokee mtu wa kuwaambia watu nyumbani vinginevyo. Vipande 14 vizima visiuzwe. Vyote tumevipiga picha mbele na nyuma, na ukoo umepewa nakala. Kadi ya yule kijana irudi kwa wenyewe siku watakapoitaka, hata kesho. Paa la chumba cha kujifungulia lichangiwe hapa leo kwa mikono yetu, na sisi wanne tumetangulia, majina yetu yako kwenye ukurasa wa ahadi.

Kuna ombi la pili, dogo kuliko paa. Kopo la biskuti limeshika kutu. Tunahitaji kabati la chuma lenye ufunguo na majalada ya karatasi isiyo na tindikali, viwekwe kwenye chumba kikavu. Msiweke barua kwenye mifuko ya plastiki, kwa baridi na ukungu wa kwetu zitaota kuvu ndani ya masika moja. Msibandue stempu. Msipitishe pasi. Msitumie gundi ya utepe kuunganisha palipochanika. Na mkikuta bahasha yenye jina la Neu Langenburg, Langenburg, au hata Tukuyu ya zamani, andikeni pembeni kwenye karatasi nyingine ilikotoka: nyumba ya nani, nani aliitunza, nani aliandikiwa.

Tumeweka meza pale karibu na mlango, upande wa kushoto wa jukwaa. Nakala za picha zipo, mje mzione. Kadi yenyewe ipo pia, chini ya kioo, na mjukuu wa ukoo ameketi nayo. Mwenye barua za nyumbani azilete mwezi ujao kwenye kikao cha kamati, tutazipiga picha na kumrudishia siku hiyo hiyo. Kwa leo tunaomba jambo moja tu: wanaotoka kwenye nyama choma wanawe mikono kwanza, maji na sabuni viko nje.